Stempu ya Jaji Constance Baker Motley: naipa nyota nne

Nimeitumia stempu hii tangu ilipotoka, kwa ankara zangu za kazi na kwa barua za nyumbani, kwa hiyo haya ni maoni ya mtumiaji. Wakusanyaji wa stempu watakuwa na mizani yao. Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Sababu ya kuizuia ile ya tano itachukua nafasi kubwa ya maandishi haya, maana mama aliyechorwa pale alifanya kazi ya aina tatu katika maisha yake na stempu haikutaja hata moja.

Nianze na bidhaa. Posta ya Marekani iliitoa tarehe 31 Januari 2024. Ni ya 47 katika mfululizo wa Black Heritage, ambao tangu mwaka 1978 humuenzi Mmarekani mweusi mmoja kila mwaka. Wa kwanza alikuwa Harriet Tubman. Ilitolewa kwa karatasi yenye stempu 20 zinazojibandika zenyewe, hakuna kulamba gundi. Ilipotoka, stempu moja ilikuwa senti 68, yaani karatasi nzima dola 13.60. Ni ya aina ya Forever, kwa hiyo bei ikipanda, ile uliyonunua zamani bado inatosha kupeleka barua moja ya kawaida popote ndani ya Marekani. Julai ya mwaka huohuo bei ilifika senti 73, na zangu zikaendelea kufanya kazi bila kuongeza kitu. Kwa mtu kama mimi, ambaye bado ana ofisi zinazotaka ankara ya karatasi yenye saini ya wino, hilo ni jambo la maana.

Mchoro ni wa Charly Palmer, na mpangilio wa stempu ni wa Derry Noyes. Palmer ametumia rangi na vipande vilivyobandikwa pamoja, na ninafurahi kwamba hawakuweka picha ya kamera. Picha za Motley za miaka ya sitini ni nyingi, yuko kwenye ngazi za mahakama, mkoba mkononi, mteja wake James Meredith pembeni yake, na kila moja inamfunga kwenye siku moja. Mchoro unamwacha huru. Nimeziona bahasha zenye stempu hii zikirudi kwangu zimepigwa muhuri wa posta, na hata chini ya wino ule mweusi sura yake ilionekana bado.

Gundi ni nzuri. Nimebandika kwenye bahasha nyeupe za ofisi na zile za kaki, haikufunuka pembe hata mara moja.

Kwa wenzangu wanaotuma barua Afrika Mashariki: stempu moja haitoshi, na mbili pia hazitoshi. Barua nyepesi ya kwenda nje ilikuwa dola 1.55 mwanzoni mwa 2024, kisha ikapanda. Bandika tatu na utakuwa salama, utapoteza kama nusu dola. Ipo stempu maalumu ya kimataifa ambayo ni nafuu zaidi, lakini mimi hupendelea hizi tatu, na mjomba wangu wa Tanga ndiye sababu.

Mjomba alikuwa karani wa mahakama miaka mingi, mtu wa masjala, na hadi leo akishika karatasi huangalia kwanza tarehe, muhuri na saini kabla ya kusoma kilichoandikwa. Barua yangu ya kwanza yenye Motley watatu ilipofika kwenye sanduku lake, alinitumia ujumbe wa sauti.

“Mwanangu, barua imefika salama. Sasa huyu mama aliyepangwa mara tatu hapa juu ni nani? Jina nimelisoma, cheo sikioni.”

“Shikamoo mjomba. Ni Jaji Motley, wa New York.”

“Marahaba. Jaji wa mahakama gani?”

Swali hilo la pili ndilo lililoninyima amani, kwa sababu jibu lake ni refu na stempu haina hata neno moja la kumsaidia mjomba. Ina jina lake, jina la mfululizo na jina la nchi. Anayeipokea bahasha Tanga, Bukavu au hata Bridgeport hapa Connecticut ninakoishi hawezi kujua kama mama huyu aliimba, alifundisha au aliongoza maandamano. Nyota ya tano nimeizuia hapo. Neno moja dogo chini ya jina, “jaji”, lingetosha.

Nilimjibu mjomba kwa barua, na nitayarudia hapa yale niliyomwandikia, kwa sababu ninaamini anayenunua stempu hii anunue akijua.

Constance Baker alizaliwa New Haven, Connecticut, tarehe 14 Septemba 1921, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis huko Karibi, na baba yake alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Alitaka uwakili tangu akiwa sekondari, fedha hazikuwepo. Alichokuwa nacho ni ulimi. Katika mkutano kwenye nyumba ya jamii ya mtaa wa Dixwell, iliyojengwa kwa ajili ya watu weusi wa New Haven, watu waliuliza kwa nini wenyeji hawaitumii. Binti Constance akasimama akasema wazi kwamba hawaitumii kwa sababu hawana kauli katika uendeshaji wake. Kati ya waliomsikia alikuwemo Clarence Blakeslee, tajiri mzungu wa kazi za ujenzi, aliyekuwa mfadhili wa nyumba hiyo. Wengi wangenuna. Yeye alimwita na kujitolea kumlipia masomo yote. Akaenda Chuo Kikuu cha Fisk, akahamia cha New York, akamaliza shahada ya sheria cha Columbia mwaka 1946.

Kabla hajamaliza, mwaka 1945, wakili Thurgood Marshall alikwisha mwajiri kwenye mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Jina la Marshall wasomaji wa Kenya watalijua kwa njia nyingine: mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda Nairobi na kisha London kuwashauri wajumbe wa Kiafrika kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya ya Lancaster House, akaandaa rasimu ya haki za msingi. Huyo ndiye aliyekuwa bosi wa Motley.

Hapa ndipo mjomba alipopendezwa hasa, kwa sababu ni habari za karatasi. Watu wanakumbuka shauri la Brown dhidi ya Bodi ya Elimu la 1954, lililovunja ubaguzi katika shule za Marekani, na wanamkumbuka Marshall akisimama mbele ya majaji tisa. Hati ya madai ya mwanzo iliandikwa na Motley, mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Aliyefanya kazi masjala anajua hati ya madai ni nini. Usipodai jambo pale mwanzo hutalipata mwisho, hata uwe na hoja tamu namna gani.

Baadaye alisimama mwenyewe. Mwaka 1961 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutoa hoja mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la mtu aliyehukumiwa kifo Alabama baada ya kusomewa mashtaka bila wakili. Alishinda. Kwa jumla alifika mbele ya mahakama hiyo na mashauri kumi, akashinda tisa. Lile la kumi, Swain dhidi ya Alabama la 1965, lilihusu kuwaondoa watu weusi kwenye jopo la raia wanaoamua kesi (jury) kwa sababu ya rangi yao. Alishindwa, na mwaka 1986 mahakama ileile ikaubadili msimamo wake katika shauri la Batson.

Alimwingiza James Meredith Chuo Kikuu cha Mississippi, kilichokuwa kikiwakataa weusi, mwaka 1962, baada ya kupanda na kushuka mahakamani kwa zaidi ya mwaka. Siku moja kabla Meredith hajaandikishwa zilizuka ghasia, watu wawili wakafa. Aliwaingiza Charlayne Hunter na Hamilton Holmes Chuo Kikuu cha Georgia. Mei 1963, bodi ya shule ya Birmingham ilipowafukuza na kuwasimamisha wanafunzi zaidi ya elfu moja kwa kuandamana, Motley alimwendea jaji wa wilaya akakataliwa, na siku hiyohiyo alikuwa Atlanta mbele ya Jaji Elbert Tuttle wa Mahakama ya Rufaa, aliyeamuru watoto warudi darasani. Asubuhi kukataliwa katika jimbo moja, jioni kupata amri katika jimbo jingine, na karatasi zote zikiwa kamili! Mwezi uliofuata Medgar Evers, mwanaharakati aliyekuwa mwenyeji wake huko Mississippi, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake.

Marshall alipoondoka mwaka 1961 kwenda kuwa jaji, uongozi wa ofisi ile haukupewa Motley. Alipewa Jack Greenberg. Sitasema mengi juu ya hilo, ila ninapomtazama kwenye bahasha huwa nakumbuka kwamba miaka yake mikubwa zaidi ya mahakamani, Meredith na Birmingham, aliifanya baada ya kurukwa.

Siasa zake zilikuwa za muda mfupi na nitazipita haraka. Februari 1964 alichaguliwa kuingia Seneti ya Jimbo la New York, mwanamke mweusi wa kwanza humo, akashughulika na nyumba za watu wa kipato cha chini. Februari 1965 akawa rais wa Manhattan, moja ya sehemu tano zinazounda Jiji la New York, na mwanamke wa kwanza katika cheo hicho. Novemba wapiga kura wakamthibitisha. Wengine wangebaki hapo wakapanda ngazi. Januari 1966 Rais Lyndon Johnson akampendekeza kuwa jaji wa shirikisho, yaani wa mahakama za serikali ya taifa, katika Wilaya ya Kusini ya New York.

Mjomba aliuliza: si Rais akiteua basi imekwisha? Huku sivyo. Jaji wa shirikisho lazima athibitishwe na Seneti ya taifa, na kamati ya sheria ya Seneti wakati huo iliongozwa na James Eastland, seneta wa Mississippi, jimbo lilelile ambalo Motley alikuwa amelishinda mahakamani. Eastland alimshutumu kwa ukomunisti na kulikalia jina lake kwa miezi saba. Tarehe 30 Agosti 1966 Seneti ikamthibitisha, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho katika historia ya Marekani.

Na cheo hicho ni cha maisha. Mjomba alilistaajabia sana hilo, kwa sababu kwetu jaji wa Mahakama Kuu umri wa kustaafu ukifika huaga. Motley alikuwa jaji kiongozi wa wilaya yake kuanzia 1982 hadi 1986, kisha akachukua hadhi ya jaji mwandamizi, ambapo mtu hupunguza mzigo bila kuvua joho. Alifariki tarehe 28 Septemba 2005, akiwa na miaka 84, bado ni jaji. Miaka thelathini na tisa. Uwakili wake kwa Marshall na baada yake ulikuwa karibu ishirini, siasa hazikufika mitatu. Ukipima kwa miaka, huyu mama alikuwa jaji kwanza. Mjomba alinikumbusha Julie Manning wetu wa Tanzania, aliyetoka ujaji akaenda kuwa Waziri wa Sheria. Mmoja alitoka siasa akaingia mahakamani, mwingine alitoka mahakamani akaingia serikalini, na wote wawili walikuwa wa kwanza.

Sasa nieleze kwa nini miaka hiyo ya ujaji inanigusa. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili mahakamani, hapa Connecticut. Wengi ninaowatafsiria ni ndugu zetu kutoka Kongo, waliopita kambi za Tanzania, Uganda au Burundi kabla ya kufika huku. Mara kwa mara, kwenye korido kabla ya kuingia, mama mmoja hunishika mkono na kuniambia, “Dada, wewe ni mtu wetu, utatusaidia.” Na upande wa pili wa korido hiyohiyo, wakili wa upande mwingine huniangalia kwa wasiwasi, kwa sababu ileile: mimi ni mtu wao. Wote wawili wanafikiri asili yangu tayari imekwisha sema kabla sijafungua mdomo.

Motley aliambiwa hivyohivyo mwaka 1975. Diane Blank, mwanamke aliyesomea sheria, aliishtaki kampuni kubwa ya mawakili ya Wall Street, Sullivan & Cromwell, kwamba inawabagua wanawake katika ajira. Shauri likaangukia kwa Motley. Mawakili wa kampuni wakamtaka ajitoe: ni mwanamke, ni mweusi, alikuwa wakili wa waliobaguliwa, atawezaje kuwa sawa? Alikataa. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba kila jaji ana jinsia, ana rangi na ana mahali alikotoka. Kama hayo peke yake yangetosha kumwondoa mtu, mahakama nzima isingekuwa na jaji wa kusikiliza shauri hilo. Aliendelea nalo, na baadaye kampuni ikakubali suluhu.

Uamuzi ule nimeuchapisha na ninatembea nao kwenye mkoba wa kazi. Unamjibu wakili yule mwenye wasiwasi, na vilevile unanifundisha namna ya kumjibu yule mama kwa upole: nitasema kila neno lako kama ulivyolisema, lile zuri na lile linalokuumiza. Hilo ndilo ninaloweza kumpa, na si dogo. Shahidi ambaye maneno yake yamefika yote, bila kupambwa, huwa na nguvu kuliko aliyesaidiwa.

Yapo mengine ya kiti chake. Mwaka 1970 aliamua kwamba kumfungia mfungwa Martin Sostre peke yake kwa zaidi ya mwaka kulivunja haki zake. Mahakama ya Rufaa ilipunguza sehemu ya uamuzi huo. Mwaka 1978 aliamua kwamba mwandishi wa michezo Melissa Ludtke hawezi kuzuiwa kuingia chumba cha wachezaji wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, kufanya mahojiano wakati waandishi wanaume wanaingia, kwa kuwa uwanja ni wa jiji. Ukimwona leo mwanamke wa Kiswahili akimhoji mchezaji chumbani baada ya mechi ya Marekani, mlango huo ulifunguliwa kwa amri hiyo. Hakuwa jaji wa kuwapa ushindi waliobaguliwa kila walipomjia. Wapo waliofika kwake wakitegemea jina lake wakaondoka wameshindwa, kwa sababu ushahidi haukutosha. Kwangu mimi hilo linamwongezea heshima.

Kwa hiyo, mnunuaji: kama unataka stempu nzuri kwa matumizi ya kila siku, hii ni nzuri kama yoyote na bei ni ileile ya stempu ya bendera. Ukifika kaunta itaje kwa jina, kama bado wanayo, vinginevyo utapewa bendera bila kuulizwa. Kama unaandikia watu wa nyumbani, weka tatu na uongeze ndani ya bahasha mistari miwili ya kumweleza, maana stempu haitakufanyia kazi hiyo. Nimeanza kuandika nyuma ya bahasha, kwa kalamu, “Jaji wa Shirikisho, 1966–2005.” Posta haijakataa barua hata moja.

Na wanaotaka kuihifadhi wasiilowekee kwenye maji kama tulivyofanya utotoni na stempu za zamani. Gundi ya hizi za kujibandika haiachii kwa urahisi, na karatasi itachanika. Kata kipande cha bahasha kuizunguka, acha nafasi kidogo pembeni, na kama muhuri wa posta umeonyesha mji na tarehe vizuri, usiukate. Mjomba ameziweka zake hivyo, ndani ya jalada la kaki, na juu ameandika namba ya faili.